Brashi Moja ya Fundi Saverio

Mama yake Egidio alipoingia kinyozini asubuhi ya harusi ya mwanawe, Saverio hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kwa kuwa wateja hawakuwapo.

"Fundi Saverio," mama alisema huku akiikunja na kuikunjua leso, "unajua nilichofuata."

"Sijui. Niambie."

"Usinitese, baba. Rafiki yake kinyozi wa Potenza ameteguka mguu, haji. Na bwana harusi hajinyoi mwenyewe, ni mkosi. Kanisani ni saa tano."

"Kwani mji huu hauna yule kinyozi mwenye sabuni thelathini?"

Mama akaanza kulia. Saverio alimwacha alie kidogo, akachukua kasha lake, akamfuata.

Kasha lenyewe halikuwa na mambo mengi: wembe mmoja, brashi moja ya manyoya ya nguruwe, bakuli la sabuni ya lozi na kipande cha shabu cha kufungia damu. Kwa vitu hivyo vinne alikuwa ameinyoa Castelgrano nzima kwa miaka thelathini na minane. Kisha Egidio akarudi kutoka Torino na rafu tatu za sabuni. Lavenda, waridi, tumbaku, msandali, nyingine hata jina la Kikristo hazina. Brashi tisa. Alifungua duka lake upande wa pili wa uwanja wa kanisa, na wanaume wakapata jambo la kubishania baani.

"Uso una siku saba kwa wiki," Egidio alipenda kusema. "Mbona mnaulisha chakula kile kile?"

"Mke wangu nimemla miaka thelathini bila kumbadilisha," Canio alimjibu siku moja, na baa nzima ikaangua kicheko. Canio alikuwa kaka yake Saverio, mkubwa wake kwa miaka sita, mtu wa maneno makali na ndevu ngumu kuliko maneno yake.

Na kusema kweli hapo hapakuwa na ubaya. Mtu akitaka kunukia waridi Jumatatu na tumbaku Jumanne, uso ni wake. Ubaya ulianza pale Egidio aliposhindwa kuwatoa wazee kwa Saverio kwa manukato, akaamua kuwatoa kwa uongo. Jumapili moja baada ya misa, alisimama kwenye ngazi za kanisa, akatangaza kwamba brashi ile moja inayotoka shavu hadi shavu imewaambukiza watu watatu majipu. Watu gani? Hakuwataja. Lakini neno jipu likishatoka nani atauliza? Wiki mbili hazikuisha, duka la Saverio likawa kimya.

Hilo angeweza kulivumilia. Ila majira ya baridi Canio aliugua mapafu, na mkewe, Incoronata, akamzuia Saverio mlangoni: kasha lile lisiingie ndani, mgonjwa unamtosha ugonjwa alio nao. Canio alipofariki, aliyeitwa kuinyoa maiti ni Egidio. Saverio alimkuta kaka yake ndani ya jeneza ananukia lavenda. Mtu ambaye uso wake aliujua kuliko wake mwenyewe, kila shimo na kila kovu, amenyolewa na mkono mwingine, na chini ya taya wamembakizia vinyweleo. Saverio aliviona vile vinyweleo. Tangu siku hiyo alilala navyo na kuamka navyo.

Sasa Egidio alikuwa ameketi sebuleni kwa mama yake, shati jeupe, taulo shingoni, na sabuni zake zimepangwa mezani kama za maonyesho.

"Fundi, asante kwa kuja," alisema kwa unyenyekevu uliokuwa mpya kabisa. "Chukua ya msandali. Leo siku kubwa."

"Nanyoa kwa vyangu au naondoka."

"Haya, haya. Vyako basi."

Saverio alizungusha brashi kwenye bakuli hadi povu likasimama, akaigusisha shavuni huku akimtazama machoni. Yule aliyewaambia watu kwamba brashi hii ina majipu hakushtuka hata kidogo. Alifumba macho, akastarehe. Hapo ndipo hasira ilipompanda Saverio mpaka masikioni.

Alilinyoa shavu la kulia, nusu ya kidevu na nusu ya mdomo wa juu, polepole, safi kama alivyozoea. Kisha akauinua wembe.

"Nenda roshani."

"Nini?"

"Watu wako wote wako chini na matarumbeta. Nenda uwaambie ukweli kuhusu brashi yangu."

"Fundi, jamani, saa nne na nusu hii!"

"Ndiyo maana nakwambia uwahi."

Egidio alimtazama mama yake. Mama alitazama sakafu. Akatoka roshani na taulo lake, upande mmoja povu, na watu wakapiga miluzi wakidhani ni mzaha wa harusi.

"Nilidanganya!" akapiga kelele. "Brashi ya Fundi Saverio haijamdhuru mtu! Hapakuwa na majipu! Nilitaka wateja!"

Miluzi ilikatika. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

"Nimesema," Egidio alirudi kitini akitweta. "Malizia, kengele zinalia."

Saverio aliufuta wembe, akaukunja.

"Nusu hii ilikuwa yangu, na umenilipa. Nusu hiyo nyingine ni ya Canio."

"Canio amekufa!"

"Basi kamwombe yeye ainyoe."

Alifunga kasha, akashuka ngazi, huku nyuma mama na mwana wakipiga yowe. Kusema kwamba alijuta itakuwa uongo. Ilikuwa tamu, na alizishuka ngazi moja moja ili utamu usiishe upesi. Watu nje walimpisha, wengine wakavua kofia, na wale wazee waliomkimbia wakaanza kumwita "fundi, fundi". Hakumjibu hata mmoja.

Mlangoni pa duka lake alikuwa amesimama Incoronata katika nguo zake nyeusi.

"Kumbe ulikuwa uongo," alisema.

"Umesikia mwenyewe, shemeji."

"Canio aliniomba nikuite." Alijiegemeza mlangoni. "Siku mbili kabla hajafa. Alisema, 'Mwiteni mdogo wangu aje aninyoe.'"

Saverio aliliweka kasha chini. Miezi yote ile alikuwa ameamini kwamba Canio naye aliuamini uongo ule, na amekufa akimwona mchafu.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umekwenda Potenza. Kununua sabuni mpya."

"Akasema nini?"

"Alicheka hadi akakohoa. Akasema, 'Saverio? Sabuni mpya? Huyo yuko hapa hapa mjini. Mwiteni.'"

"Na hukuniita."

"Sikukuita."

Matarumbeta yalianza, kisha yakanyamaza, maana bwana harusi hakutokea. Incoronata alinyoosha mkono amshike bega. Saverio alirudi nyuma hatua moja, akaliokota kasha lake.

"Siku nikifa, shemeji," alimwambia, "usije kunizika."