Fainali ya Timu ya Jioni

Peninah alikuwa amepanga kila kitu. Nguo za mtoto zilifuliwa mapema, simu ilichajiwa hadi ikajaa, na Maryanne mwenyewe, miezi saba, meno mawili, alinyonyeshwa akashiba na kulazwa saa nane na nusu. Fainali ilikuwa saa nane kule Kisumu, yaani saa tisa hapa Mabela, Maskati. Kilichobaki ni mtoto kulala na Sondeka kushinda.

"Leo hata ukianguka kwenye paa usinipigie, sishiki," alikuwa amemwambia mumewe asubuhi. Ochieng ni fundi wa AC, na Jumapili huku Oman ni siku ya kazi kama siku nyingine.

"Nikianguka nitampigia Phyllis, yeye ndiye akuambie," Ochieng alijibu, akabeba mkoba wa spana zake akatoka anacheka.

Phyllis alikuwa rafiki yake wa Chuo cha Sondeka, darasa la jioni. Enzi hizo, kabla ya kuja Maskati, mchana Peninah aliuza viatu sokoni. Saa kumi na mbili jioni alikuwa darasani anasomea upishi, macho mazito, miguu imevimba. Michezo ilikuwa ya wanafunzi wa mchana. Wa jioni waliambiwa wao wamekuja kusoma, si kucheza. Basi Peninah na wenzake watano wakaenda wakaomba mpira wa voliboli, wakapewa mmoja uliochubuka kama goti la mtoto, na timu ya jioni ikaanza hivyo. Kama si ule mpira angeacha masomo muhula wa pili. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Ndiyo maana wiki hii nzima hakulala vizuri. Mkuu wa chuo alikuwa ametangaza kwamba ukumbi hautoshi timu mbili: ya jioni isipoleta kombe mwaka huu, mwakani haipo. Na kombe lilikuwa mkononi mwa Lurende, chuo ambacho hakijafungwa fainali miaka mitatu.

Saa tisa kamili simu ikaita.

"Peni! Unaniona?" Phyllis alipiga kelele. Nyuma yake ukumbi ulikuwa unavuma kwa vuvuzela na ngoma.

"Nakuona! Geuza kamera, sitaki kuona pua yako."

Kamera ikageuka. Peninah akawaona wasichana wamevaa jezi za kijani, akamwona nahodha Nankya, yule binti wa Kiganda ambaye Peninah mwenyewe alimfundisha kuanzisha mpira, akiruka ruka mahali pamoja. Moyo ukampiga kama ndiye anayeingia. Filimbi ikalia, mpira ukapaa, na picha ikaganda hapo hapo, Nankya mkono juu, mdomo wazi.

"Phyllis! Picha imekufa!"

"Mtandao wa hapa ni mbovu, watu wote wanarekodi. Sauti unaipata?"

"Naipata."

"Basi sikiliza, nitakutangazia."

Phyllis si mtangazaji. "Wamepiga... aki... wameokoa... ooh, wamekosa. Umeanguka katikati, Peni, wawili wameangaliana tu." Mara mbili, mara tatu, mara ya nne: umeanguka katikati, wameangaliana tu. Seti ya kwanza ikaenda kwa Lurende, ishirini na tano kwa kumi na saba. Ya pili ikaanza kuelekea huko huko. Peninah alikuwa amejitia pembe ya leso mdomoni asimwamshe mtoto, anazunguka chumba, na kila pointi ikipotea anaruka na kutua kwa visigino.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Bi Balqis, mwenye nyumba, aliyekaa ghorofa ya chini na kuwapangisha wao vyumba vya juu. Alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huko.

"Peninah, mwanangu, kuna nini? Nnasikia mtu anarukaruka juu ya kichwa changu."

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Ni timu ya chuo changu, iko fainali."

"Marahaba. Iko wapi hiyo timu?"

"Kisumu."

"Wanakuona?"

"Hapana, mama."

"Wewe unawaona?"

"Siwaoni, picha imeganda."

Bi Balqis akaitazama simu, akamtazama Peninah. "Hawakuoni, huwaoni, na jasho linakutoka. Hebu nipishe nikae na mimi nisiwaone."

Akaketi kitandani, miguu ya mtoto pajani mwake, akatega sikio. Seti ya pili ikaisha: ishirini na tano kwa kumi na tisa. Mshindi ni wa seti tatu kati ya tano, kwa hiyo ya tatu ilikuwa ya kufa au kupona.

"Ni hivyo, Peni," Phyllis alisema, sauti imelowa. "Wanajitahidi lakini... sijui. Miguu wanayo, mikono wanayo. Sijui wanakosa nini."

Peninah alisimama. Kwa muda wote huo hakuona hata mpira mmoja. Alikuwa na masikio peke yake, na masikio hayo sasa yalimwambia jambo. Alisikia ngoma. Alisikia vuvuzela, filimbi, viatu vikilia sakafuni, kocha wa Lurende akifoka. Wasichana wake hakuwasikia.

"Phyllis. Mbona hawaiti?"

"Kuita nini?"

"Majina! Mbona hawaiti majina?"

Kisha Phyllis akasema, "Uwi."

Timu ya jioni ilijifunza nyuma ya jiko la chuo, chini ya taa moja ya mlinzi, saa mbili kasoro, darasa likiisha. Nusu ya uwanja ilikuwa giza. Mpira ukipita juu ya taa unapotea, ukirudi hujui umeelekea kwa nani. Kwa hiyo walijiwekea sheria: atakayeuona kwanza aseme jina lake mwenyewe, kwa sauti, na wengine wampishe. Si kusema "wangu," kwa sababu gizani kila mtu ana wangu. Jina. Wageni waliwacheka, wakasema hawa wanacheza au wanaitwa kwenye rejista? Lakini mpira haukuanguka katikati.

"Ni Mwalimu Mike," Phyllis alisema haraka haraka. "Kocha mpya. Tangu tupewe ukumbi wenye taa amewakataza. Anasema kelele ni za mashabiki, wachezaji wa maana hucheza kimya."

"Mkimbilie."

"Peni, mimi ni nani wa kumwambia kocha..."

"Phyllis Atieno! Shuka kwenye hilo jukwaa! Una dakika tatu!"

Bi Balqis akapiga kofi. "Mwambie akimbie!" naye akaiambia simu, "Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Walisikia Phyllis akihema, samahani, nipishe, samahani dada, kisha sauti ya mwanamume iliyokerwa: "Huyu nani? Ondoa simu hapa." Phyllis akaanza kujieleza, akajikanyaga. Peninah akaweka mdomo kwenye simu na kusema kwa sauti aliyokuwa akiitumia sokoni kumwita mteja aliyeshavuka barabara:

"Nankya! Ni Peninah! Iteni majina!"

Mtoto akaamka. Hakulia, alikaza macho tu, anamshangaa mama yake.

"Mwalimu," walimsikia Nankya akisema taratibu, "tumeshafungwa mbili kimya. Turuhusu tujaribu moja na kelele."

Mwalimu Mike akavuta pumzi ndefu. "Haya. Pigeni hizo kelele zenu."

Filimbi. Mpira. Na ndani ya vurugu zile, nyembamba kama uzi, ikaja: "Nankya!" Halafu, "Akoth!" Halafu, "Nankya!" Kishindo cha mkono kwenye mpira, na ukumbi ukalipuka.

"Wanamwita nani?" Bi Balqis aliuliza. "Kapotea mtu?"

"Wanajiita wenyewe, mama!"

"Subhanallah. Haya, na wajiite."

Seti ya tatu, Sondeka. Ya nne, Sondeka, kwa pointi mbili, na Phyllis hakuweza tena kutangaza chochote ila "wee! wee!" Haikuhitajika. Peninah aliuona mchezo wote kwa masikio. Jina la kushoto, jina la nyuma, jina la wavuni. Alikuwa amembeba Maryanne kiunoni, akijipinda kila mpira ulikoelekea, na mtoto akicheka kwa meno yake mawili akidhani ni ngoma yake.

Seti ya tano ni ya pointi kumi na tano, na lazima umpite mwenzako kwa mbili. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Kumi na nne kwa kumi na nne. Bi Balqis alikuwa amesimama, mkono kifuani. Kumi na tano kwa kumi na nne, Sondeka mbele.

"Tumeanzisha, Lurende wanaurudisha," Phyllis alinong'ona, kana kwamba wangemsikia. "Umepita wavu... umeenda nyuma, pembeni kabisa, hakuna mtu..."

"Bakhita!"

Sauti ndogo, kali, iliyokatika katikati. Peninah hakuwahi kuisikia. Kishindo cha mwili sakafuni. Kisha "Akoth!" Kisha "Nankya!" Kisha kofi moja la mpira, kavu kabisa.

Kumi na sita kwa kumi na nne, kombe ni la Sondeka. Phyllis alilia, Bi Balqis akapiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani, na Peninah akaketi sakafuni na mtoto wake, anacheka huku machozi yanamtiririka hadi shingoni.

"Phyllis! Phyllis, nisikilize! Bakhita ni nani?"

"Wa mwaka wa kwanza! Mchana anauza mboga, jioni yuko darasani. Ukimwona ni mfupi hivi! Hajawahi kufungua mdomo, Peni, leo ndiyo mara ya kwanza!"

"Mpe simu."

Walingoja. Watu walikuwa wanaimba. Kisha pumzi za mtu aliyetoka kukimbia zikasikika karibu sana, kama yuko chumbani.

"Haloo?" sauti ile ndogo ikasema. "Nani mwenzangu?"

Peninah akafungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na yote yalitaka kutoka pamoja.

"Mwambie ni mashabiki wa Mabela!" Bi Balqis akafoka kutoka kitandani. "Mwambie tumesimama toka seti ya nne!"