Mvinyo Usio na Kibofu cha Samaki

Mwenye bucha alikuwa amefika duka la tatu Jumapili ile, na uvumilivu wake ulikuwa umeishia la pili.

"Huu mvinyo mnausafisha na nini?"

"Chupa zetu tunazipangusa kila asubuhi, mzee," alijibu muuzaji.

"Siyo chupa, jamani! Mvinyo wenyewe, humo ndani! Kuna wanaousafisha kwa ute wa yai, kuna wa kibofu cha samaki."

Muuzaji akaitazama aproni ya mzee yenye madoa ya damu, akamtazama usoni. "Kibofu cha samaki? Mzee wangu, umeshaonja mahali?"

Duka la kwanza walimcheka waziwazi. La pili, mama mmoja mkarimu alimletea pombe ya asali, akaapa haina nyama hata chembe. "Na nyuki je?" mzee akauliza. "Kwani nyuki ana nyama?" mama akashangaa. Mzee akatoka bila kuaga.

Yote haya kwa ajili ya binti yake. Mwaka jana binti aliacha kula chochote kitokacho kwa mnyama, yeye aliyelelewa na kusomeshwa kwa maini na mbavu! Baba akaona ni mchezo tu wa kitoto. Akampikia maharage, akaapa ni maharage matupu, kumbe kayachemsha kwa supu ya mifupa. Binti akala, akasifu, na lijitu zima likaangua kicheko pale mezani, likataja na mifupa. Binti akaweka kijiko chini, akachukua mkoba wake. Tangu hapo hakurudi. Juzi ndipo akatuma ujumbe: "Jumapili nakuja. Msinipikie, nitabeba chakula changu."

Maneno yale yalimkata maini. Mtoto aje kwao na chakula chake, kana kwamba anakwenda safari!

"Mvinyo anakunywa," mkewe alimwambia, "ila si wowote." Ndipo akamweleza habari za mayai na vibofu, na mzee akashika kichwa. Lakini akaapa: leo lazima mwanawe aonje kitu kilichotoka mkononi mwake, hata kama ni funda moja.

Muuzaji wa tatu, kwa kuchoka kufokewa, alimpigia simu aliyewaletea mzigo. Wakaulizana, wakabishana, mwishowe akatoa chupa moja yenye vumbi. "Huu hauna mnyama. Sasa mzee, nenda kwa amani."

Mzee akarudi mbio. Nyumba yao iko nyuma ya bucha, na kwa mazoea ya miaka yote, akaisukuma chupa pale anapoweka kila kitu kinachohitaji baridi.

Binti akafika, akaamkia, akakaa ukingoni mwa kochi kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mzee akaenda kufungua friji la bucha. Chupa ilikuwa imelalia paja la mbuzi, lebo imelowa damu, shingo imepakaa mafuta.

"Mjinga mimi! Mjinga wa kutupwa!"

Akashika pindo la aproni aipanguse. Nani angejua? Kisha akakikumbuka kile kijiko. Akaingia sebuleni na chupa jinsi ilivyo.

"Mama, mwanangu, nisikilize. Mvinyo wenyewe msafi, nimeuulizia mpaka nimeonekana mlevi. Lakini nimeuweka kwenye friji la nyama, umelala na mbuzi. Akili sijui ilikuwa wapi. Ukikataa, nitaelewa."

Binti akaitazama chupa. Kisha akainuka, akaichukua kwa ncha za vidole mpaka kwenye karo, akaisugua kwa sabuni, akaisuuza, akaisugua tena. Akamimina glasi mbili, akanywa.

Mzee naye akanywa. Ukali ukampanda mpaka masikioni.

"Haa! Ndiyo takataka hii iliyonizungusha mji mzima? Bora hata siki!"

"Mbaya kweli, baba," binti akasema, akamsogezea glasi yake. "Niongezee."