Santuri ya Mama Amuge

Omoding wa Tororo alikusanya sauti zilizosahaulika. Sebule yake ilijaa santuri, kanda za rili na katriji nene kama matofali ambazo hakuna mashine mjini iliyoweza kuzicheza. Mkewe, Patience, alipokea wageni uani kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukaa. "Hii ni nyumba ya sauti," Omoding alipenda kusema, na papo hapo akamwomba mtu asiongee karibu na santuri zake, mate yasije yakazirukia.

Mwaka jana, kwa muuza redio kuukuu wa Busia upande wa Kenya, alipata santuri ya majaribio. Zamani, kabla ya kuchapa santuri za kuuza, kiwanda kilitoa chache ili wanamuziki wazisikilize kwanza na kuzikubali. Hii ilikuwa na lebo nyeupe tupu, na jina moja la penseli: Amuge. Wimbo wenyewe haukuwahi kutoka. Kwa Omoding hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake: alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitaka.

Akaulizia mpaka akaambiwa Amuge yu hai, anauza samaki wakavu Majanji, kando ya ziwa. Akamwalika, pamoja na mchungaji na watu wazito wa kanisani. Patience akachinja kuku, na santuri zikaondolewa kwenye viti.

Amuge aliingia amevaa gomesi, gauni refu la heshima, la buluu, mama mzee mrefu asiye na haraka. Omoding akavaa glavu nyeupe, akateremsha sindano. Gita likalia, kisha sauti ya msichana. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Zima, baba," Amuge akasema. "Hiyo ndiyo tulikataa."

"Mlikataa?"

"Nilikuwa na mafua. Hapo naimba kama mbuzi kwa kamba. Niliambia wao watupe. Nani hakutupa?"

"Lakini mama, ndiyo maana ni adimu!"

"Hata kikohozi yangu ni adimu. Utaweka kwa kabati?"

Wageni waliangua kicheko. Omoding akainua sindano, uso umemshuka. Amuge akamhurumia. "Ngoja nionyeshe nyinyi vile ilikuwa."

Akaimba palepale kitini. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruzika pembeni, ikimuuliza mume mfanyabiashara wa mpakani: unalala nchi gani, na unashibia nchi gani? Mchungaji, aliyekwisha kuanza kula, akasahau mfupa mkononi. Omoding naye akakurupuka kutafuta mashine ya kurekodia. Ya rili haikuwa na mkanda wa kuizungusha. Ya kaseti ikatafuna utepe. Akafungua kabati moja baada ya jingine, yakigongana.

"Kaa chini, unatuharibia!" Patience akamkemea kwa mnong'ono. Simu yake mwenyewe ilikuwa imesimama kwenye mkono wa kiti, ikirekodi.

Wimbo ulipokwisha, Omoding akaomba urudiwe. Amuge akauliza kuku wake yuko wapi.

Patience alituma wimbo kwa kina mama wa kanisa, nao wakautuma kwa jamaa zao. Haukupita muda mrefu, waendesha bodaboda wa mpakani wakawa wanaupiga pande zote mbili, na Amuge akaanza kuitwa kwenye harusi. Omoding alisema sauti ya simu imebana, haina kina. Akatengenezesha mashine ya rili, akafunga safari hadi Majanji kumsihi aimbe tena, rasmi.

"Sawa," Amuge akasema, akipanga samaki. "Nipe ile ya mafua nivunje, mimi nitaimbia mashine yako mpaka ichoke."

Omoding akatazama ziwa. Kubadilisha wimbo mbaya kwa mzuri: mtoto mdogo angejua jibu.

"Siwezi, mama," akasema hatimaye.

Amuge alicheka hadi akajifuta machozi. "Basi nipeleke Nabuyoga kwa gari. Kuna harusi."

Akampeleka, Patience akiwa nao. Spika za huko zilikuwa mbovu, zikikoroma kila Amuge alipopandisha sauti. Omoding alilalamika kwa kila aliyemkaribia, mpaka Patience akamshika mkono na kumvuta katikati ya wachezaji, naye Omoding akacheza vibaya, akilalamika bado.