Farasi Arobaini wa Kavugho

Likelemba ni jambo la zamani kwa Wakongomani. Waweke watatu mahali popote duniani, na kabla wiki haijaisha watakuwa wameanzisha moja: kila mtu anatoa kiasi kilekile, mmoja anabeba chungu chote, zamu ijayo anabeba mwingine, hadi wote wabebe. Likelemba ya Kamwokya, mtaa wa Kampala, iliyokutana katika chumba cha Papa Mugisho juu ya saluni, ilikuwa na watu kumi na wawili na haikuwa na kasoro yoyote, isipokuwa kwamba hawakuchanga shilingi. Walichanga nyota.

Nyota ni pesa ya mchezo wa kompyuta uitwao Milima Saba. Humo ndani unachimba chuma, unafuga, unapigana, unauza, na nyota zinaingia kidogo kidogo. Huko ng'ambo kuna watu wenye pesa ya kweli na uvivu wa kweli, wanaotaka kuwa matajiri wa Milima Saba bila kushika sururu. Hao hununua nyota, na kati yao na Kamwokya alisimama mnunuzi mmoja wa Nairobi ambaye sauti yake ilijulikana na sura yake haikujulikana. Hivyo ndivyo Papa Mugisho, fundi wa simu kutoka Bukavu, alivyokigeuza chumba chake chenye kompyuta sita za mitumba kuwa mgodi.

Kavugho alikuwa msusi katika saluni ile ya chini. Kiti chake kilipokosa mteja alipanda ngazi akachimba, vidole bado vinanukia mafuta ya nywele. Mchezo wenyewe aliuona upumbavu mtupu, na bado alichimba kuliko wanaume wote wa chumba kile, kwa sababu alikuwa na mtoto Butembo, kwao upande wa pili wa mpaka. Tresor alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, anaishi kwa shangazi wa marehemu baba yake, na mtaani kwao watu wa msituni wenye bunduki walikuwa wameanza kuchukua wavulana wa miaka kumi na minne. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, Blandine, alikubali kumleta hadi Kampala katika safari yake ya mwisho kabla ya kuiacha njia ile. Angeondoka Jumanne. Alitaka shilingi laki sita, zake na za wote wa barabarani wanaongoja kushikishwa kitu mkononi, na chungu cha likelemba kilikuwa na thamani ya laki sita hizohizo.

Na chungu kilikuwa cha Kavugho sasa. Alikuwa wa mwisho. Kura ilikuwa imempa zamu ya tatu, lakini siku zile Ogwal alifiwa na mama yake huko Lira, akaomba, naye Kavugho akamwachia, akachukua yake ya mwisho. Ogwal ni mwanajeshi mstaafu, mlinzi wa jengo moja Kisugu, na chumbani kwa Mugisho wote humwita Afande. Kavugho alijiambia kwamba wa tatu na wa mwisho hubeba kiasi kilekile, ndivyo likelemba ilivyo tangu enzi za bibi zake. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba nyota za zamu ya tatu na nyota za zamu ya kumi na mbili si nyota zilezile.

Jumatano tangazo likatokea kwenye kompyuta zote sita kwa pamoja. Kuanzia Jumapili saa sita mchana, thamani ya nyota ingeshushwa. Kilichouzwa nyota kumi kingeuzwa nyota mia. Kampuni, ambayo hakuna mtu wa Kamwokya aliyewahi kuona hata mlango wake, iliomba radhi kwa usumbufu.

Watu wakaacha kuchimba. Mnunuzi wa Nairobi alipigiwa simu, akapokea mara ya nne, akasema leo ananunua kwa nusu bei na kesho hajui. Katika ukurasa wa mazungumzo ya mchezo maelfu ya wachezaji walikuwa wanatukanana kwa lugha zote, na Papa Mugisho, aliyejua Kiingereza kidogo na Kifaransa kingi, aliwasomea wenzake yaliyosemwa.

"Wengine wanasema kampuni ni mwizi," alisema. "Wengine wanasema hapana, nyota imekuwa mingi. Watu wanachimba muchana na usiku, njo maana haina tena bei. Ni kama muhogo siku kila mutu ameleta muhogo sokoni."

"Watu gani hao wanachimba mchana na usiku?" Kavugho aliuliza.

"Ni sisi, Mama Tresor."

Mwaka mzima Kavugho alikuwa anajiona anamvuta mtoto wake kwa kamba, mkono kwa mkono, kumbe kila mvuto ulikuwa unaikata kamba yenyewe. Alitamani kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kumpiga.

Ogwal alikuwa amekwisha kuuza zake. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama Tresor, sikia mimi. Uza leo. Nusu ni nusu. Jeshini wakisema rudi nyuma, unarudi na ile iko kwa mkono. Hauendi kutafuta ingine."

"Nusu haifikishe mutoto, Afande. Nusu itamufikisha wapi?"

"Utapata laki tatu. Ile ingine tutatafuta."

"Wapi?"

Ogwal, kwa kuwa ni mtu mkweli, hakutunga mahali. Wahenga walisema nusu shari kuliko shari kamili, lakini wahenga hawakuwa na mtoto Butembo.

Hapo ndipo Kavugho alipowasimulia habari ya sanduku. Baba yake alikuwa mnunuzi wa kahawa Butembo enzi za Zaire, mtu wa kuheshimika, na noti zake alizitunza katika sanduku la bati chini ya kitanda. Noti zilipoanza kuoza thamani, jirani yao alikimbia akanunua mabati. Mji mzima ukamcheka, kwa maana hakuwa hata na kiwanja. Baba yake Kavugho alingoja, maana akiba haiozi. Mwaka uliofuata jirani aliuza bati mojamoja akalisha watoto wake, na Kavugho mdogo akawa anawasha moto wa chai kwa noti zenye picha ya chui.

"Feza inakufaka," alimaliza. "Kitu hakikufake. Bale balinunua mabati balipona, na baba yangu aliangaliaka tu. Mimi siuze. Mimi nanunua kitu."

Papa Mugisho alisema Afande ana haki, na Mama Tresor naye ana haki. Ndivyo alivyokuwa Papa Mugisho. Ungemwuliza kati ya moto na maji angevisifu vyote viwili. Lakini naye aliyakumbuka masanduku ya Bukavu, na ndani ya moyo wake mabati yalikuwa yamekwisha kushinda.

Wakampigia tena mnunuzi wa Nairobi. "Farasi nachukua," alisema. "Jumatatu niletee farasi, wateja wangu wanawapenda. Wakishaadimika nitawapa bei nzuri." Basi. Katika Milima Saba farasi mmoja alikuwa nyota elfu sitini. Kavugho alimimina chungu chote, jasho la watu kumi na wawili, na Alhamisi asubuhi alikuwa na farasi arobaini wamesimama katika uwanja wa majani ya kijani, wakipunga mikia. Papa Mugisho alinunua kumi. Ogwal aliwatazama kwa muda mrefu, akasema ni wazuri, akaenda zake kazini.

Wahenga hao hao walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawakusema akishtuka hukimbilia wapi.

Ijumaa Kavugho alimpigia Tresor, akakosea. Kosa lake lilikuwa furaha. Alimwambia Jumanne Yaya Blandine, dada yule wa vitenge, ataondoka kuja kumchukua, na alipoulizwa pesa imetoka wapi akamweleza habari ya farasi. Tresor alicheka mpaka shangazi akamkemea. Alitaka kujua rangi zao. Mmoja alikuwa mweupe, na mtoto akaomba huyo asiuzwe kwanza, aitwe Muzungu.

Jumapili Kavugho alitoka misa Lubaga akapitiliza hadi Kamwokya na nguo zake za kanisani. Saa sita ilipofika bei zikapanda kama ilivyotangazwa, na farasi mmoja akawa nyota laki sita. Kavugho alipiga makofi mara moja, kimyakimya. Dakika chache baadaye likaja tangazo la pili. Papa Mugisho alilisoma, akalisoma tena, kisha akavua miwani.

Mnyama yeyote aliyenunuliwa ndani ya siku saba zilizopita alikuwa amefungwa kwa mwenyewe. Hauzwi, hagawiwi, harudishwi dukani. Kampuni ilisema imefanya hivyo ili kuwakomesha walanguzi.

Kavugho, aliyekuwa amesimama hapo na kandambili zilizoungwa kwa waya, ndiye alikuwa mlanguzi.

"Lakini nilizinunua," alisema. "Ni zangu."

"Bati ukinunua ni yako, Mama Tresor," Papa Mugisho alisema polepole, kama mtu anayejifunza jambo hilo wakati analitamka. "Hata mwenye duka akufe, bati inabakia kwako. Hii farasi ni ya bale benye mashini. Sisi tulinunua picha."

Mnunuzi wa Nairobi hakupokea simu siku ile wala siku nyingine.

Jumatatu Ogwal alikuja na shilingi elfu sabini, zote alizopata kwa nyota zake. Alimpa kwa mikono miwili, macho chini, na zamu ya tatu haikutajwa na yeyote. Mwenye saluni alimkopesha elfu hamsini. Papa Mugisho alitoa elfu thelathini, akaomba msamaha kwa uchache wake. Kavugho alizifunga katika leso akampelekea Blandine, aliyekuwa anapanga marobota ya vitenge kwenye uwanja wa malori.

Blandine alihesabu, akamrudishia. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama Tresor, kwa hii nitamufikisha wapi? Nimuache katikati ya barabara, nimuambie mama yako alifikisha hapa tu?"

"Nitakulipa akifika, Yaya."

"Bale ba barabarani habakopeshe."

Kavugho alilia pale pale mbele ya wapakiaji, bila kujificha. Blandine alimshika bega mpaka akamaliza, kisha akarudi kwenye marobota yake, maana lori lilikuwa linangoja.

Jioni alimpigia mtoto. Alimwambia si safari hii. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakaisha hapo. Tresor hakulia, na hilo lilimtisha.

"Na farasi?" aliuliza.

"Ziko."

"Haziuzike?"

"Haziuzike, mutoto wangu."

"Zinakulaka nini?"

"Majani. Unanunua dukani mule mule. Siku tatu bila kula zinakufa."

"Basi usiziache zikufe na njaa, Mama. Zitaningojea."

Majani nayo yalikuwa yamepanda mara kumi. Kulisha farasi arobaini sasa kulihitaji kuchimba saa tatu kila siku, na Kavugho alizichimba, asubuhi kabla ya mteja wa kwanza na mchana badala ya chakula. Wenzake walimwambia aache. Papa Mugisho aliwaacha kumi wake wafe na hakuona aibu. Ogwal peke yake hakumkataza, na mara nyingine alikaa kwenye kompyuta ya pili akamchimbia saa moja.

Wiki ya tano simu ya Tresor haikupatikana. Wiki ya sita shangazi alipokea, akasema wavulana tisa wa mtaa ule hawakurudi kutoka mtoni, akaanza kulia kabla hajafika kwenye jina. Hakuna aliyejua walipelekwa upande gani.

Kesho yake Kavugho alipanda ngazi mapema kuliko siku zote. Papa Mugisho alikuwa amekwisha kusikia, akamfungulia kompyuta bila kumdai pesa ya saa. Alichimba mpaka nyota zikatosha, akanunua majani, akaanza na Muzungu.