Muhuri wa Lakiri

Fundi alikuwa ameibana bunduki ya ghala kwenye jiliwa, mtutu ukitazama ukuta, anasugua chemba ya risasi kwa brashi ndogo ya waya, shemeji yake aliyezikwa mwezi uliopita alipoingia. Alipangusa miguu kwenye gunia la mlangoni, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mahali pake pa siku zote.

"Habari za kazi, shemeji."

"Nzuri. Sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Marehemu akasogea. Siku hizi hakuwa na kivuli cha kumziba mtu, lakini adabu ni adabu. Fundi akammiminia chai. Walipomaliza mazungumzo kikombe kilikuwa kimejaa vilevile, basi fundi akainywa mwenyewe, maana sukari haiokotwi njiani.

Marehemu alikuwa amemwoa dada yake fundi, na uhai wake wote wa utu uzima aliumaliza kwenye zamu ya usiku, langoni mwa ghala. Bunduki iliyokuwa kwenye jiliwa ndiyo aliyoishika wezi walipokuja. Ilikuwa bunduki nyepesi ya risasi ndogo, ya kutisha zaidi kuliko ya kuua. Alivuta bolti nyuma, akaisukuma mbele, risasi ikakwama katikati ya njia, na wezi wakamkuta bado anahangaika nayo. Wao walikuja na nondo, na nondo haikwami.

Kwenye mazishi msimamizi wa ghala alisimama mbele za watu, akamsifu marehemu kwa heshima yake na usafi wa sare yake, kisha akasema kwamba kwa bahati mbaya mlinzi alisinzia. Neno hilo halikufukiwa pamoja na mwenyewe. Lilirudi mtaani na waombolezaji, likapanga chumba.

Tangu hapo marehemu alikuwa akija karakana kila alasiri. Siku ile mkewe, alipomletea kaka yake chakula, alimkuta pale, akaikunja vizuri kola ya shati la mumewe iliyokuwa imesimama. Akasema kwamba asubuhi bombani mwanamke mmoja alimuuliza kama usingizi ni wa ukoo kwa kina baba watoto.

"Ukamjibu nini?" mumewe akauliza.

"Nilichota maji."

Marehemu alieleza kwamba huko aliko hakuna shida, ni kutulivu na majirani hawana makuu, ila mkono wake wa kulia ulikuwa bado unavuta bolti. Mtu hawezi kupumzika mkono wake ukiwa kazini. Kweli, mkono ulikuwa juu ya goti, unakwenda nyuma na mbele, taratibu, bila kuchoka. Alitaka kijulikane kilichokwama, na msimamizi akiseme mbele za watu, kama alivyolisema lile la kwanza.

Lakini bunduki yenyewe ilikuwa na hila. Msimamizi alikuwa ameshaileta mara kadhaa. Kwa fundi ilikula kila risasi ya majaribio aliyoilisha. Ikirudi langoni, mlinzi mpya akiijaribu, inakwama.

"Kwangu ina adabu," fundi alisema, "kwenu inadeka. Kama wewe ulivyokuwa ukweni."

"Mimi nilikuwa nakula chochote," marehemu akajitetea.

Fundi alianza upya, kutoka mwanzo, kama afanyavyo mtu anayeiheshimu kazi yake. Risasi ndogo za namna ile hupakwa nta, na nta ikichanganyika na masizi hufanya ukoko ndani ya chemba; akaukwangua mpaka chuma kikang'aa. Akaangalia kijino kinachochomoa ganda, kilikuwa kikali. Akakichomoa kisanduku cha risasi, yaani magazini, akaipima midomo yake, ile mikunjo miwili ya bati inayoizuia risasi ya juu isiruke. Ikipanuka, risasi huinua pua kabla ya wakati na kugonga ukingo wa chemba. Haikuwa imepanuka. Springi ilisukuma vizuri. Likabaki suala la upangaji. Ganda la risasi hizi lina ukingo uliotokeza kitakoni, na wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ule wa risasi ya chini. Ukikaa nyuma, moja huishika nyingine, kama watoto wanaogombea mlango.

"Uliziweka sawasawa?" akauliza.

"Sikuziweka mimi. Aliziweka msimamizi, akaziba."

Fundi akaiweka brashi chini. "Akaziba nini?"

"Magazini. Kwa lakiri."

Kumbe ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa ghala. Walinzi wasije wakauza risasi, mdomo wa kila magazini ulidondoshewa lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua, na kugongwa muhuri. Mlinzi akisikia hatari, aibandue kwa ukucha. Na risasi za ghala zilikuwa hazitoki nje ya ua, kwa hiyo kila alipoipeleka bunduki kwa fundi, msimamizi aliitoa lakiri, akazitoa risasi, akaifuta magazini kwa mafuta ya taa na kuileta ikiwa safi, kama mtoto anayepelekwa kwa daktari.

Marehemu alikuwa ameibandua lakiri usiku ule. Alionyesha kidole gumba. Chini ya ukucha palikuwa na wekundu ambao waliomwosha walidhani ni damu, wakausugua ukakataa kutoka.

"Muda wote huu unakunywa chai yangu, mbona hukuniambia?"

"Sijainywa. Halafu uliniuliza habari za bunduki, shemeji. Hukuniuliza habari za msimamizi."

Fundi akatafuta kipande cha lakiri. Akazipanga risasi za mazoezi zisizo na baruti, akauziba mdomo, akaiacha magazini juu ya bati la paa, kwa kuwa kibanda cha mlinzi nacho kilikuwa cha bati. Jua lilipopungua aliishusha. Lakiri ilikuwa imelainika, ikachuruzika ndani na kuganda tena. Marehemu akaibandua ile ya juu kwa ukucha, akaitia magazini mahali pake, akavuta bolti na kuisukuma. Risasi ikasogea nusu, ikainua pua, ikakwama. Ilikuwa imegandana na mwenzake wa chini.

Marehemu akaiinamia, akaitazama kama mtu aliyekutana na mtu aliyejuana naye zamani.

"Ndiyo hii," akasema.

Siku iliyofuata msimamizi aliitwa. Aliwasalimu wote wawili, akamkumbusha marehemu kwamba tochi ya zamu haijarudishwa. Marehemu akajibu kwamba waliondoka nayo wezi. Msimamizi akasema atalifuatilia. Kisha akaonyeshwa jaribio, akaichokoa lakiri kwa kofia ya kalamu yake, akaikubali. Tuseme haki, hakuwa mtu wa kubishana na jambo aliloliona kwa macho.

"Ni lakiri," akasema. "Hukusinzia."

"Basi uwaambie watu."

Msimamizi akafikiri. Akaeleza kwa upole kwamba watu hawaitwi mazishini mara mbili. Tena akisema ni lakiri, wakubwa watamwambia aiondoe, na akiiondoa risasi zitaibwa. Hapo akamtazama marehemu vizuri zaidi, kuanzia miguuni mpaka kola. Akauliza kama nondo inaweza kumdhuru tena. Marehemu akasema hapana, hapakubaki cha kudhuru. Msimamizi akasema mlinzi mpya ameacha kazi kwa sababu ya bunduki hiyohiyo, na lango liko wazi kwa anayelifahamu.

"Na lakiri?"

"Itakuwepo. Utaratibu ni utaratibu. Kwako wewe haina neno."

Alipoondoka, fundi alimwambia shemeji yake akatae. "Umeshalifia ghala hilo mara moja. Inatosha."

"Nikikaa huku ndani watasema nimelala," marehemu akasema. "Nikisimama pale, watayaona macho."

Akaenda. Tangu siku hiyo yuko langoni, sare imenyooka, bunduki begani, magazini imepigwa muhuri. Macho yake hayafumbi, maana wafu hawana haja hiyo. Asubuhi wanawake wanaokwenda bombani hupita mbele yake, na mkewe hupenyeza mkono kwenye nondo za lango, akamkunja kola.

Juzi mwanamke yule wa habari za ukoo alisimama na ndoo yake, akamtazama kwa muda, bila ubaya wowote.

"Sasa hivi ndiyo anakesha," akasema. "Angekesha hivi zamani, si angekuwa hai?"

Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, wakampungia mkono. Naye akawapungia wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado unavuta bolti.