Ufunguo kwenye Pindo la Nguo

Fundi mwenyewe ndiye aliyempa mama yake ufunguo wa chumba chake.

"Nifungie, Mama. Siku saba. Hata nikilia kama mtoto mchanga, usifungue. Apa."

"Naapa. Na ukinitukana je?"

"Nitukane na wewe."

Wakacheka. Kwa miaka kumi na miwili Fundi alishona nguo za watu huku chupa ya pombe kali ikikaa karibu na kanyagio la cherehani, tangu asubuhi. Sasa alikuwa amechoka nayo. Mama akaufunga ufunguo kwa fundo kwenye pindo la nguo yake, akamshukuru Mungu.

Siku ya kwanza alimpitishia chai dirishani. Mkono uliopokea ulitetemeka hata nusu kikombe kikamwagika.

"Ni sumu inatoka hiyo," muuza mkaa wa jirani akamtia moyo. "Kaza uzi, mama."

Siku ya pili Fundi alitoka jasho, akatapika, akalia, akatukana matusi ambayo Mama hakujua kama mwanawe anayajua. Mama aliketi chini, mgongo ukiegemea mlango, akalia naye. Hakufungua. Kiapo ni kiapo.

Siku ya tatu asubuhi kukawa kimya. Mama akashusha pumzi. Kisha akasikia sauti ya mwanawe, ya adabu kabisa:

"Karibu, dada. Gauni lako liko tayari."

Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Mama akachungulia dirishani. Fundi alikuwa kitandani, vidole vikishona hewa, mara anapangusa shuka kwa haraka.

"Mama, fukuza sisimizi! Wanakula kitambaa cha mteja!"

Shuka lilikuwa jeupe, tupu.

Mama akarudi mlangoni. Akashika fundo la pindo. Vidole vikakataa kulifungua. Akalitafuna kwa meno. Kabla ufunguo haujazunguka, akasikia kishindo ndani. Alimkuta sakafuni, amekakamaa kama ubao, kisha mwili wote ukaanza kurukaruka, povu mdomoni.

"Jamani, mwanangu!"

Muuza mkaa alikuja mbio. Akaumwaga mzigo wake wote njiani, akavua shati lake mwenyewe, akalitandika kwenye mkokoteni ili mgonjwa asilalie vumbi.

"Mkaa wako, baba…"

"Mkaa utaokotwa. Twende!"

Zahanatini, muuguzi alimchoma Fundi sindano, akamtundikia dripu, ndipo akauliza, "Alikunywa pombe lini mara ya mwisho?"

"Siku ya tatu leo. Nilimfungia ndani mimi." Mama akangoja kukaripiwa.

Muuguzi akamvutia kigoda. "Kaa kwanza, mama." Kisha akasema polepole, "Fikiria watu wawili wanasukumana mlangoni. Pombe inausukuma ubongo usinzie, ubongo nao unasukuma ukae macho. Miaka yote hiyo umezoea kusukuma kwa nguvu zake zote. Ghafla pombe ikaondoka. Aliyebaki atakuwaje?"

"Ataanguka kifudifudi."

"Basi ndivyo. Na chumvi za damuni zimepungua, na vitamini. Kuacha ni jambo jema sana, ila mtu aliyefika hapa haachishwi ghafla nyumbani. Anaachishwa na daktari, kwa dawa."

"Atapona?"

"Leo na kesho ndizo siku za kuogopa. Umemleta akiwa hai, mama. Hilo ulilifanya wewe."

Mama akasogeza kigoda kitandani. Vidole vya Fundi vilikuwa bado vinashona hewa. Hakuvizuia. Alivipa pindo la nguo yake, lile lililotafunwa, vikalishika, vikapunguza mwendo. Kila pumzi ya mwanawe aliihesabu, na kila ilipochelewa, yake nayo ilikatika.

Muda mrefu ukapita. Fundi akafumbua macho kidogo.

"Mama. Umefungua?"

"Nimefungua."

"Nilikukataza."

"Basi nitukane, mwanangu."

Mdomo wake ukachezacheza. Kama lilikuwa tabasamu au tetemeko, Mama hakujua. Akamshika mkono, akaendelea kuhesabu.