Kalunguyeye wa Vimraba

Dada wa mapokezi kwenye kliniki ya meno alitumia wiki tatu kumchora kalunguyeye. Hakumchora kwa penseli. Alimjenga kwa pikseli, vile vimraba vidogo vya rangi vinavyojazwa kimoja kimoja kwenye kompyuta, thelathini na viwili kwenda juu, thelathini na viwili kwenda kando. Aliifanya kazi hiyo saa ya chakula, watu wakiwa wametoka. Daktari alikuwa amelalamika kwamba skrini ya kuita namba inawatisha watoto, afadhali ingewekewa kimnyama cha kuwachekesha. Hakumtuma mtu. Dada alijituma mwenyewe.

Kabla ya kumwonyesha Daktari, Jumapili alikwenda kwa kaka yake mkubwa, ambaye riziki yake ni kuchora wahusika wa michezo ya simu. Akamwekea kompyuta mezani.

"Niambie ukweli, kaka. Usinionee haya."

Kaka alitazama akiwa bado amesimama. "Umemchora au umemkanyaga?"

Wifi mtu akaangua kicheko huko jikoni. Dada naye akacheka, maana kwa kweli ilichekesha.

Kisha kaka akavuta kiti. Macho yako juu mno, alisema, tena yameachana kama yamegombana. Yashushe, yasogee karibu na pua, hapo ndipo mtu anapoona huruma. Miiba usiihesabu. Mnyama mdogo hivi hana nafasi ya miiba, weka vivuli vitatu tu, jicho la mtazamaji litamalizia. Halafu rangi ishirini na moja za nini? Sita zinamtosha.

Yote yalikuwa kweli. Dada alifungua daftari ili aandike, lakini kaka tayari alikuwa ameshika kipanya.

"Niachie nijaribu mwenyewe."

"Nanyoosha kidogo tu."

Hata nusu saa haikuisha. Kalunguyeye akawa anatazama kwa chini, mnene, mwenye aibu, mpaka ukatamani kumbeba. Dada alitafuta mahali alipopachora yeye.

"Tumbo ulilipatia," kaka alimwambia. "Tumbo sijaligusa."

Jumatatu Daktari alipomwona kalunguyeye kwenye skrini alisimama na koti lake mkononi. "Nani kamchora huyu?"

"Mimi na kaka yangu. Yeye ni mchoraji."

"Mchoraji hasa? Hebu nipe namba yake."

Dada akaitoa. Alidhani anataka kumshukuru.

Mwezi haukupita, kaka akaingia kliniki asubuhi na mkoba begani. Alikuwa na wanyama kumi na wawili, kila mmoja anapepesa macho, wa kuweka kwenye skrini zote. Daktari alikuwa amempa kazi hiyo, wakaelewana malipo kwa simu. Dada alikuwa hana habari.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua Daktari keshakwambia."

"Mimi ndiye niliyeanza, kaka."

"Si uliomba maoni, nikakupa?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma dada zaidi. "Kazi ni kazi, mdogo wangu. Ungeweza kuchora kumi na wawili?"

Asingeweza. Wote wawili walijua.

"Nilitaka kujifunza," alisema.

"Nitakufundisha nikipata nafasi. Nitajie nywila ya mtandao."

Akamtajia, herufi kwa herufi, na moja akairudia kwa sababu kaka hakuisikia vizuri.

Mama yao aliwaonyesha majirani picha hizo kwenye simu. "Kazi ya mwanangu hii. Hata dada yake anafanya kazi chini yake," alisema, akimaanisha chini ya skrini iliyo juu ya meza ya mapokezi. Dada alipojaribu kueleza, mama alimkata. "Usimwonee kaka yako wivu. Amekujengea jina."

Dada alimkumbusha kaka juu ya masomo mara mbili, kwa ujumbe wa simu. Mara ya kwanza alimjibu kwa kidole gumba. Mara ya pili hakujibu.

Siku moja mtoto aliyevimba shavu alimwuliza nani kawachora wale wanyama. "Mtu mmoja hivi," dada alisema, akabonyeza namba inayofuata, ingawa mgonjwa aliyetangulia alikuwa hajatoka. Daktari alitoa kichwa mlangoni, akamkaripia mbele ya watu. Dada akaomba radhi. Mchana ule aliifuta ile programu ya kuchorea, na kompyuta ilipomwuliza kama ana uhakika, alikubali.